Jirani Kwenye Moto wa Giacinta

Mwaka 1942 watu wa Kurrabie walimchunguza Giacinta Bertolo mpaka nguo alizoanika. Akitundika mashuka mawili meupe na blanketi jekundu kwenye kamba, kabla ya jioni mji mzima umeshajua, na kuna mtu keshamwambia Sajenti Mulvey kuwa mke wa yule Mtaliano anawapa ishara marubani wa Japani. Basi Giacinta akaacha kuanika nje. Akawa anaanika chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoiinua kutoka ardhini, mahali pa mbwa na majembe, na nguo zikawa zinanuka unyevu. Hapo nako wakasema: anaficha nini?

Mimi nilikuwa naendesha treni ya miwa. Asubuhi naacha mabehewa matupu kwenye kila shamba, jioni nayavuta yakiwa yamejaa hadi kiwandani. Jeshi halikunichukua, kwa kuwa serikali ilisema sukari nayo inapigana. Si mtu wa maneno mimi, na mbele ya wanawake ndiyo kabisa. Nilikuwa nainua kofia na kutazama pembeni. Lakini ukipita mbele ya majiko ya watu mara mbili kwa siku kwa miaka kumi na tisa, unaona mengi bila kuuliza.

Giacinta alizaliwa milimani, kaskazini mwa Italia. Alikuja kwetu Queensland, Australia, akiwa na miaka ishirini na mbili, kuishi na mume aliyekuwa anamjua kwa picha tu. Walifungishwa ndoa yeye akiwa kule na mume akiwa huku, na kaka yake alisimama kanisani badala ya bwana harusi. Nadhani tabia yake ilianzia hapo. Mtu aliyevuka bahari mbili kumfuata mtu wa kwenye picha, anajifunza kuhakikisha. Mayai aliyahesabu mara mbili. Dukani alikwenda na jiwe lake mwenyewe la ratili, akalibandika juu ya mizani ya muuzaji kabla hajapimiwa chochote. Muuzaji alikuwa akimwona anaingia, anashusha pumzi.

"Leo nalo umelileta, mama?"

"Limetaka kutembea," Giacinta alikuwa akijibu.

Ila mume wa kwenye picha alitokea kuwa mtu mzuri. Silvio alikuwa mkimya na mchapa kazi, na kwa mikono yao wawili walifyeka ekari arobaini kando ya mto, wakapanda miwa.

Walimchukua mwezi wa tatu. Sajenti Mulvey alikuja na askari wawili wa jeshi, wakabeba bunduki ya kuwindia nguruwe pori na barua zote za kutoka kwao, kisha wakambeba na Silvio mwenyewe. Giacinta aliwafuata mpaka kwenye geti.

"Kosa lake nini?"

"Kuna barua imeletwa kituoni," Mulvey alisema.

"Barua ya nani?"

"Ya raia mwema."

"Ana jina?"

"Raia wema hawaandiki majina, mama."

Silvio alipelekwa kambi ya kizuizi huko kusini, siku mbili kwa treni. Giacinta akabaki na wifi yake, Pierina, msichana wa miaka kumi na tisa, na swali moja kichwani: nani aliandika? Haikumchukua muda kumpata mtu wake. Alimchagua Edith Garrick.

Edith alikuwa jirani yao ng'ambo ya mfereji. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote Kurrabie. Matangazo ya kanisa aliyaandika yeye. Mumewe, Clive, aliwahi kugombana na Silvio juu ya huo mfereji, maji yaelekee wapi. Clive alikwenda vitani, akatekwa Singapore mwezi wa pili, na tangu hapo Edith hakupata hata mstari mmoja wa kumwambia kama yu hai. Mwezi uliofuata ndipo barua juu ya Silvio ikafika kwa polisi. Giacinta alijumlisha hayo yote, jawabu akaliona limekaa wazi kama sahani mezani.

Mwezi wa nane kiwanda kilimpelekea Giacinta barua. Nilimpa mimi mwenyewe, nikiwa juu ya kichwa cha treni, na Pierina ndiye aliyeisoma, maana Giacinta alisema Kiingereza lakini hakuwahi kukisoma. Iliandikwa kuwa shamba la Bertolo lina mgao wa tani mia sita. Kama tani hizo hazitafika kiwandani ifikapo tarehe thelathini na moja Oktoba, mgao utafutwa na kupewa wengine. Kwetu shamba lisilo na mgao ni nyasi tu. Hakuna anayenunua miwa yako, wala anayenunua ardhi yako, labda kwa bei ya kutupa.

Giacinta akaenda kwa genge la wakataji. Wanaume walibaki wachache, wengine wako jeshini, wengine kambini pamoja na Silvio. Kiongozi wao alimsikiliza huku akinoa panga.

"Vijana wangu hawakati miwa ya adui."

"Sukari ikishaingia kwenye chai utaijua ni ya adui?"

"Usinichekeshe, mama. Nimesema hatukati."

Kesho yake asubuhi, nilipopita, niliwaona Giacinta na Pierina ndani ya miwa, wamevaa suruali za Silvio zilizofungwa kamba kiunoni, wanakata. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke akikata miwa. Mpaka jioni walijaza behewa moja tu, na mikono ya Pierina ilikuwa imechanika kwa majani mpaka kwenye viwiko. Miwa mibichi ndivyo ilivyo. Majani yake ni wembe, na chini mna panya wenye homa inayoua. Kila mtu huchoma shamba kwanza, moto unakula majani na kufukuza panya, miwa inabaki imesimama myeusi, kisha inakatwa upesi kabla haijachacha. Bila moto, wanawake wawili wasingefikisha tani mia sita hata Krismasi.

Sasa moto kwetu hauwashwi na mtu mmoja. Anayetaka kuchoma hupita kwa majirani asubuhi, anasema leo nachoma, hakuna zaidi. Saa ikifika wote wanakuja na magunia yaliyoloweshwa, kila mmoja anasimama kwenye kona yake kando ya shamba. Hakuna anayeombwa na hakuna anayeshukuriwa. Na ukishasimama kwenye kona ya mtu, huondoki, hata ukiambiwa nyumba yako inaanguka. Wamekosana watu wasisalimiane miaka sita, lakini kwenye moto wa mwenzake kila mmoja amekuja na gunia lake.

Vita viliongeza sheria juu ya desturi. Ndege za Wajapani zilikwisha tupa mabomu mji wa Townsville mwezi wa saba, na watu wa pwani walikuwa wanalala nusu jicho. Mulvey alimwandikia Giacinta kibali chenye masharti mawili: moto uwe umekufa ifikapo saa kumi na moja jioni, na jirani ambaye ni raia awepo. Akikosea moja, atachukuliwa na yeye.

Giacinta akapita kwa majirani. Mzee Pascall aliongea naye nyuma ya mlango wa wavu.

"Mgongo unaniuma."

"Jana nilikuona juu ya ngazi, unapaka rangi paa."

"Ndiyo maana unaniuma."

Lorna Hicks hakutafuta hata uongo. "Mwanangu yuko Misri anapigana na watu wenu, halafu mimi nije kukushikia gunia?"

"Watu wangu wako hapa, Mama Hicks. Mimi na wifi yangu."

"Basi wakushikie hao."

Kwa Edith hakwenda kabisa. Edith ndiye aliyekuja, Jumapili, akitoka kanisani, kofia bado kichwani. Alivuka ubao wa mfereji akasimama chini ya ngazi. Giacinta alitokea juu, na mwiko wa ugali wa kwao mkononi, ule wa mahindi ya njano. Haya alinisimulia Pierina miaka mingi baadaye, na aliyasimulia kwa sauti zote mbili.

"Umekuja kuhesabu nguo?" Giacinta aliuliza.

"Nimekuja juu ya moto."

"Moto gani?"

"Wako na wangu. Nasimama kwenye wako, unasimama kwenye wangu. Tunakata pamoja, wote watatu, kwako na kwangu."

"Wewe una genge."

"Genge limeniambia litafika kwangu mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na moja ni mvua. Wanajua Clive hayupo, wanajua siwezi kuwafokea."

"Hata mimi mume wangu hayupo."

"Wako anakula kwa serikali," Edith alisema. "Wangu sijui kama anakula."

Giacinta akageuka, akamwambia Pierina kwa lugha yao: huyu anataka tuchome tukachelewe, halafu amwite polisi, shamba alichukue yeye. Pierina akasema pengine anataka tu kukatiwa miwa yake. Giacinta akamwambia, wewe bado mtoto.

"Tunaanza na kwako," akamwambia Edith.

Edith naye akakunja uso. Mtaliano mwenye kiberiti ndani ya shamba lake? "Sawa. Lakini nawasha mimi, kwa mkono wangu."

"Washa hata kwa mguu. Na wifi yangu atasimama na wewe."

"Ili iweje?"

"Akusaidie."

Edith alielewa vizuri msaada wenyewe ni wa namna gani. Hata hivyo alikubali.

Walichoma kipande cha kwanza kwa Edith siku ya Jumatatu. Ulikuwa moto mzuri, nusu saa umekwisha. Pierina alimfuata Edith nyuma nyuma kama mlinzi wa benki, na Edith alipomaliza kuwasha alirudisha kiberiti mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Jumanne wakaanza kukata. Nilipita jioni nikawaona wanawake watatu weusi kwa masizi kama makaa, ungeweza kumtambua Edith kwa urefu tu. Walikata mistari mitatu sambamba, hakuna anayeongea, na kila mmoja anatupa jicho kwa mwenzake kuona kama panga linafika chini kabisa kwenye shina ambako sukari iko nyingi. Giacinta akikuta kisiki kirefu kwenye mstari wa Edith anakirudia. Edith akaona, kesho yake akawa anarudia vya Giacinta.

Mji nao ulikuwa unatazama. Dukani nilimsikia Lorna Hicks akisema, "Mume yuko mikononi mwa Wajapani, na yeye anakata miwa na Mtaliano. Mtu hujiuliza wanaongea nini huko ndani." Nilijua hawaongei chochote. Nililipia tumbaku yangu nikatoka.

Jumatano ilikuwa zamu ya Giacinta. Kiwanda kilikuwa kimempangia mabehewa kuanzia Alhamisi, na wiki ikipita bila kuyajaza asingepewa mengine. Miwa ya Edith iliyochomwa ilikuwa imekatwa nusu, nusu nyingine bado imesimama. Ikifika Ijumaa bila kukatwa ingechacha. Moto ulipangwa saa tisa, Edith asimame kwenye kona ya mfereji, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu ng'ambo yake ilikuwepo miwa yake michanga ya mwakani.

Saa sita mchana nilikuwa nimesimama mjini nikijaza maji, nikaliona gari la polisi likipita. Edith alikuwa ndani. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, katikati, na askari mmoja pembeni yake, vile wanavyokaa watu waliochukuliwa. Masizi bado yalikuwa usoni. Hakunitazama.

Saa kumi na robo nilifika shambani kwa Bertolo na mabehewa matupu ya kesho yake. Giacinta alikuwa amesimama kando ya reli, magunia yamelowa miguuni pake, Pierina kule mbali. Aliinua mkono, nikasimama.

"Wewe wa treni. Umemwona Edith?"

"Nimemwona," nikasema.

"Wapi?"

"Mjini. Na polisi."

Sikusema kiti cha nyuma, wala askari wa pembeni. Maneno yalinichelewa kama kawaida yangu, na nilipoyapata tayari alikuwa amenipa mgongo. Hilo limenisumbua sana tangu siku ile.

Uso wake ulikuwa umetulia, na ndicho kilichonitisha. Alimwita Pierina, wakaongea kwa lugha yao, kwa kelele. Nilikuja kuambiwa baadaye walichosema. Giacinta alisema: amekwenda kunisema, na kesho watakuja kunichukua, iwe nimechoma au sijachoma. Nisipochoma utabaki na miwa mibichi, peke yako, na mgao umekwenda. Nikichoma leo utabaki na miwa unayoweza kukata. Pierina alisema hapana, tusubiri. Giacinta akatoa kiberiti.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Upepo wa baharini ulikuwa haujatulia.

Moto wa miwa unaunguruma. Ulipanda juu mara mbili ya urefu wa nyumba, na majani yanayowaka yakaanza kuruka. Giacinta alishika upande wa mto, Pierina upande wa reli. Kona ya mfereji haikuwa na mtu. Niliangalia kona ile, nikaangalia treni yangu, nikaruka. Niliacha kichwa cha treni kinapumua mvuke peke yake, kosa ambalo kiwanda kingenifukuza kwalo bila kunipa hata notisi, nikachukua gunia nikakimbia.

Nilichelewa. Moto ulikwisha ruka mfereji ukaingia kwenye miwa michanga ya Edith. Giacinta aliuona kutoka kule mtoni. Aliuacha upande wake, ambako miwa yake ya mwisho ilikuwa karibu na nyumba yake mwenyewe, akaja mbio, akavuka mfereji ndani ya maji mpaka kiunoni, akaanza kuupiga moto kwenye shamba la mtu aliyeamini amemuuza. Nilimsikia akitukana kwa lugha yao kila pigo. Tulipoushinda, ekari moja ya Edith ilikuwa majivu. Kule kwa Giacinta banda la kuku lilikuwa limeungua, nyumba imepona.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Jua linazama, na kipande kizima kilichochomwa kinametameta kwa makaa. Kutoka angani pangeonekana kama mji.

Gari la polisi lilikuja na vumbi lake. Mulvey alishuka upande mmoja, Edith upande mwingine. Walikuwa wameuona moshi tangu mjini. Edith alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ekari yake, akatazama chini.

"Nani amewasha?" Mulvey aliuliza.

"Mimi," Giacinta alisema.

"Saa ngapi sasa?"

"Huna saa?"

"Mama Bertolo, usijiongezee. Nilikuandikia saa kumi na moja uwe umekufa. Na jirani raia. Jirani yuko wapi?"

Nilitaka kusema ni mimi. Mdomo ulifunguka, lakini mimi naishi chumba cha kiwanda, si jirani wa mtu yeyote, na Mulvey alilijua hilo. Pierina alianza kulia. Giacinta alikuwa anashusha mikono ya shati lake, kifungo kwa kifungo, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Jirani ni mimi," Edith alisema kutoka kule kwenye majivu.

Mulvey akageuka. "Ulikuwa kituoni kwangu, Bi Edith."

"Ndiyo, nilikuwa kwako. Moto huu ulipangwa saa tisa, na kona hii ni yangu. Nilikwambia saa sita, ukaniambia nikae. Nilikwambia tena saa nane, ukaenda kunywa chai." Alikuwa anaongea polepole, bila kupandisha sauti. "Umemtoa mtu kwenye kona yake, Sajenti. Baba yako alikuwa na shamba kule Upper Creek. Yeye angekuambiaje?"

Mulvey alikuwa mtoto wa miwa kama sisi wote. Angeweza kuandika kwenye ripoti yake kuwa Mtaliano amewasha moto gizani. Lakini ingebidi aandike pia jirani alikuwa wapi, na nani alimweka huko, na mji mzima ungesoma hata kama ripoti ingefungiwa sandukuni.

"Zimeni hayo makaa," akasema mwishowe. "Yote. Nikirudi saa mbili nisione hata moja."

Gari liliondoka. Halafu Giacinta akamwendea Edith, akasimama mbali naye kama hatua tatu.

"Walikuita au ulikwenda mwenyewe?"

"Kuna mtu ameandika barua. Juu yangu. Kwamba nakula njama na wewe."

"Uliiona?"

"Alinionyesha. Mwandiko mbaya, kama wa mtu aliyetumia mkono wa kushoto."

"Na ile ya Silvio?"

"Ile sijaiona. Wala sikuiandika, kama ndicho unachouliza."

"Hata aliyeandika angesema hivyo."

"Angesema," Edith alikubali.

"Walikuuliza nini huko?"

"Kama umewahi kunipa bahasha, au kifurushi, au ujumbe wowote. Nikawaambia hujawahi kunipa hata kikombe cha chai."

Pierina alicheka katikati ya machozi. Giacinta hakucheka.

"Kwa nini umenitetea?"

Edith alionyesha kwa kidole shamba lake, miwa myeusi iliyosimama. "Itachacha Ijumaa. Wewe ukichukuliwa naikata na nani? Na hii ekari uliyonichomea utaipanda upya, kwa mikono yako, kabla ya mvua."

Naamini jibu hilo ndilo lililomtuliza Giacinta. Kama Edith angesema amefanya kwa wema, asingelala. Alikubali kwa kichwa, akachukua ndoo. Tulizima makaa wote wanne mpaka saa mbili, nikarudisha treni kiwandani nimechelewa, nikadanganya kuwa bomba la mvuke lilikuwa limelegea. Chai Edith hakupewa hata usiku ule.

Walikata wiki tano mfululizo, wakichoma kipande kingine kila kilichochomwa kilipokwisha. Alfajiri kwa Edith, mchana kwa Giacinta, kisha kinyume. Giacinta alikuwa anafuatana na mabehewa yake mpaka njia panda ya reli, ahakikishe kibandiko chenye namba ya shamba lake hakijabadilishwa, na wiki ya mwisho akawa hasimami njia panda. Alipanda nami mpaka kiwandani, amekaa juu ya makaa ya mawe, panga mapajani. Edith naye, kwa kuwa miwa yake ilikuwa kwenye treni hiyo hiyo, akasema kama yule anakwenda na yeye anakwenda. Nikawa naendesha wanawake wawili wasiosemezana, mmoja kila upande wangu, na mimi katikati sijui nitazame wapi.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye mizani ya kiwanda tarehe ishirini na tisa Oktoba, na mabehewa ya mwisho ya Bertolo. Karani alipima, akajumlisha, akaandika kwenye karatasi, akaigonga muhuri, akampa Giacinta.

"Umefikisha, mama. Na tani tatu zaidi. Mgao ni wako."

Giacinta aliigeuza karatasi, akaitazama huku na huku. Wakataji walikuwa wamejaa pale, na wale wa genge waliomkatalia. Akamnyooshea Edith.

"Nisomee."

Edith akasoma, wazi, kama anavyosoma matangazo ya kanisa: shamba la Bertolo, tani mia sita na tatu, mgao unaendelea.

Giacinta akaichukua karatasi mkononi mwake. Akafikiri. Kisha akaja kwangu, mbele ya watu wote wale, akaniwekea kifuani.

"Na wewe wa treni. Soma."

Nilisoma darasa la sita tu, na nilikuwa sijasoma kwa sauti mbele ya watu tangu siku za shule. Masikio yaliniwaka. Watu walianza kucheka, na Edith alikuwa amekunja mikono, anatazama juu kwenye bomba la moshi. Nikaanza, neno moja moja, kidole kikifuata mstari. Giacinta alikuwa anafuata kwa midomo yake. Nilipofika mwisho, yalikuwa maneno yale yale aliyoyasoma Edith, hakuna lililopungua.

"Haya," akasema. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya shati, akamgeukia Edith. "Kesho alfajiri. Zimekubakia tani ngapi?"

"Arobaini."

"Nitazihesabu," Giacinta alisema, na wakapanda treni.